Kamba Hushikwa, Haivaliwi

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kupanda mnyama. Nitamzungumzia hasa farasi, lakini sitamsahau punda wala ngamia, maana kwetu hapa pwani ya Kenya wengi hupitia kwa punda kabla ya kumfikia farasi. Nazungumza na anayeanza, ambaye hajawahi kuketi juu ya tandiko, na nazungumza na mzazi ambaye mtoto wake hupanda punda kila kukicha bila kufundishwa na mtu.

Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto kuna kovu. Limeuzunguka mkono kama bangili. Nililipata nikiwa na miaka 11, kwetu Mackinnon Road, na ndilo lililonifungulia mlango wa haya ninayotaka kukueleza.

Mjomba wangu alikuwa na punda jike mpole ambaye hata watoto wadogo walimshika masikio. Asubuhi moja nikatumwa maji. Mitungi minne mitupu ilining'inia ubavuni mwake, miwili huku na miwili huku, nami nimeketi mgongoni. Nilikuwa na ukwaju nikitaka kuumenya, na ili mikono iwe huru nikaizungusha kamba ya punda mara tatu kwenye kifundo. Tulipokaribia barabara kuu, mkabala na msikiti wa Sayyid Baghali, lori likapiga honi. Punda akaruka upande, nami nikaanguka. Kuanguka kwenyewe hakukuwa kitu, kwani punda ni mfupi na ardhi ya pale ni vumbi. Balaa ni kwamba punda alikimbia na mimi nikaenda naye. Kila alipovuta, kamba ilizidi kuzama nyamani. Mitungi nayo ikawa inagongana, na kelele zake zikazidi kumtia hofu yule mnyama.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa panchari. Hakumfukuza punda wala hakupiga ukelele. Alisimama kwa mbali, mikono ameishusha, akawa anamwita kwa sauti ya chini mpaka punda akatulia. Kisha, kabla ya kuniinua, kabla ya kuniuliza mimi ni mtoto wa nani, akaifungua ile kamba. Akaniambia, "Mwanangu, kamba hushikwa, haivaliwi."

Miaka mingi ikapita. Siku nilipokwenda kupanda farasi kwa mara ya kwanza, kwenye mchanga wa Diani, saisi aliyemtunza farasi yule alinikabidhi kamba kisha akautazama mkono wangu. Kamba iliyozidi niliikunja mikunjo mirefu, nikaishika mikunjo ile katikati kwa kiganja, ili farasi akivuta iteleze itoke bila kuninasa. Saisi akaitikia kwa kichwa, akasema sasa tunaweza kuanza.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mafunzo yote ya usalama wa mpandaji yanatoka kwenye kisima kimoja. Mnyama mkubwa hana budi kushtuka siku moja. Siku hiyo mpandaji anahitaji njia ya kuachana naye. Basi kabla hujajifunza kupanda, jifunze kuachana.

Huenda unajiuliza kwa nini sisi wa nyika hatukukua na farasi, ilhali ndugu zetu wa Omani wanao tangu enzi za mababu. Jibu liko katika jina la mji wetu, Mackinnon Road. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyoongozwa na Sir William Mackinnon ilianza kukata barabara kutoka Mombasa kuelekea bara, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Lakini nyika ya Taru ilikuwa na mbung'o. Reli nayo ilipoanza kujengwa mwaka 1896, ng'ombe, punda na nyumbu wa mizigo walioletwa walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mdudu huyo. Ndiyo sababu kwa miaka mingi mizigo ilipita hapa vichwani mwa wapagazi. Mbung'o hajatuacha mpaka leo, na ukienda upande wa Shimba Hills utamkuta. Juu ya hayo, farasi ana adui mwingine, nayo ni homa ya farasi, inayoenezwa na visubi. Punda milia huibeba bila kuonyesha dalili, lakini farasi asiyechanjwa huweza kufa nayo kwa siku chache. Kwa hiyo unapomwona farasi mwenye afya njema pwani yetu, ujue kuna mtu anayemtunza kwa chanjo, dawa na jicho la kila siku.

Tuje sasa kwa mnyama mwenyewe. Farasi kwa maumbile yake ni windo. Simba na fisi walimfundisha kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Macho yake yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa sehemu mbili: nyuma kabisa ya mkia, na mbele kabisa ya paji la uso. Ukimjia kutoka nyuma, kwake wewe ni kivuli kisicho na jina, naye atajikinga kwa kwato. Tumezoea kusema asante ya punda ni mateke. Mimi namtetea punda. Mara nyingi anayepiga teke hakujua kwamba ni wewe.

Basi msogelee kwa upande wa bega lake la kushoto, huku unazungumza naye akusikie. Mguse begani au shingoni kwanza, usimrukie usoni. Ukitaka kupita nyuma yake, pita mbali, hatua nne au tano, teke lisikufikie. Tazama masikio. Yakielekea mbele, kuna kitu anakitazama, nawe kitafute kwa macho ujue ni nini. Moja likikugeukia, anakusikiliza. Yakilala nyuma kabisa kwenye shingo, huyo amekasirika, ondoka polepole. Punda yeye, akiingiwa na hofu, mara nyingi husimama kwanza apime hali, na sisi tukamwita mkaidi tukamchapa. Ukimpa nafasi ya kutazama, mara nyingi ataendelea mwenyewe.

Kuhusu mavazi, cha kwanza ni helmeti. Iwe ya kupandia farasi, ikukae sawasawa, isicheze ukitikisa kichwa, na ukanda wake ufungwe chini ya kidevu. Ikishapata kishindo kikubwa, usiivae tena hata kama huoni ufa. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi liliamua kwamba kuanzia mwaka 2021 washindani wavae helmeti wawapo juu ya farasi, hata bingwa wa Olimpiki. Ikiwa bingwa anavaa, mimi na wewe ni nani tusivae? Lakini helmeti haiondoi uangalifu. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana duniani kwa filamu za Superman, aliivaa siku alipoanguka kutoka kwa farasi mwaka 1995. Shingo iliumia, akapooza, akaishi kwenye kiti cha magurudumu mpaka alipofariki mwaka 2004.

Cha pili ni viatu. Vaa kiatu kilichofunika mguu mzima, chenye soli isiyo na magamba makubwa, na kisigino kifupi. Kisigino kinauzuia unyayo usipenye wote kwenye kikuku, kile chuma unachokanyagia. Mguu uliopenya mpaka kifundoni hautoki, na mpandaji aliyenaswa mguu huburutwa kama nilivyoburutwa mimi. Kwa hiyo patipati ziache nyumbani. Kinamama na kinadada, buibui na leso ni heshima yetu, na hakuna anayewaambia mziache. Vaeni suruali ndefu ndani, ncha zibanwe vizuri, pasiwe na kitambaa kinachopepea au kunasa kwenye tandiko. Mikoba ya begani, mikufu mirefu na kamba za simu shingoni viondolewe. Unaona, msikilizaji, bado tuko kwenye neno la yule mzee.

Kabla ya kupanda, kagua mshipi wa tandiko unaopita chini ya tumbo. Farasi wengine hujaza tumbo wakati wa kufungwa, halafu wakitembea kidogo mshipi unalegea na tandiko linageuka nawe ukiwa juu. Basi ukaguliwe kabla ya kupanda, na ukaguliwe tena baada ya dakika chache za kutembea. Panda kutoka upande wa kushoto. Tumia kibao au jiwe la kukanyagia, kwani linaupunguzia mgongo wa farasi mzigo. Shika hatamu pamoja na singa za shingo kwa mkono wa kushoto, tia mguu wa kushoto kwenye kikuku, sehemu ya mbele ya unyayo tu, jinyanyue, pitisha mguu wa kulia juu bila kumgonga, na ukae polepole. Usijitupe mgongoni kama gunia.

Ukishakaa, sikio lako, bega, nyonga na kisigino vifuatane katika mstari mmoja wa wima. Visigino vishuke chini kidogo. Tazama unakokwenda, usiitazame shingo ya farasi, maana mwili hufuata macho na farasi hufuata mwili. Mikono iwe laini. Hatamu zimeungwa na lijamu, chuma kilichomo kinywani mwake juu ya ulimi na ufizi, na kila ukivuta kwa nguvu unamuumiza. Asiyejishikilia kwa mizani hujishikilia kwa hatamu, na farasi anayeumia kinywani ndiye anayesimama kwa miguu ya nyuma. Ukitaka asimame, kaa mzito, toa pumzi, vuta kidogo kisha legeza mara tu anapotii.

Farasi ana mwendo wa kutembea, wa matiti, ule wa kuchapuka hatua, na wa shoti, yaani mbio. Siku ya kwanza tembea tu, na awepo mtu wa kukuongoza kwa kamba. Matiti yatakuja baada ya kujua kukaa. Shoti isubiri sana. Najua ufuo wa Diani ulivyo mrefu na mweupe, na najua kijana anavyotamani kupigwa picha akienda mbio. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mwenye simu mkono mmoja na hatamu mkono mwingine amepanda farasi wawili.

Jambo la mwisho la siku ya kwanza ndilo ninaloliona kubwa, nalo ni kushuka kwa dharura. Farasi akiwa amesimama na ameshikwa, toa miguu yote miwili kwenye vikuku kwa pamoja, inama mbele, teremka kushoto, ujiweke mbali na kwato. Rudia mara kumi. Na ikitokea umeanguka, achia hatamu. Usimng'ang'anie. Farasi hatapotea, na akipotea atatafutwa. Farasi akikimbia nawe bado uko juu, usipige mayowe, kaa mzito kwenye tandiko, vuta hatamu ya upande mmoja polepole umzungushe kwa duara kubwa mpaka apunguze mwendo.

Sasa mazingira yetu. Ufukweni panda wakati maji yamekupwa, mchanga ulioloa ni mgumu na unakanyagika. Mchanga mkavu wa juu unavuta miguu ya farasi na kuumiza mishipa yake, na maji yakijaa unabanwa kati ya bahari na kuta za hoteli bila njia ya kuondokea. Epuka penye miamba. Panda asubuhi mapema au jioni, usimtoe mnyama saa saba mchana. Upepo ukivuma, upande wa Galu utawaona wachezaji wanaokokotwa baharini kwa tiara kubwa. Kwa farasi, kitambaa kile kinachoshuka ghafla kutoka angani ni mwewe mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona. Mwulize saisi kama farasi wake amezizoea, na kama hajazizoea, pita mbali.

Kwa ngamia, ambao watoto wetu huwapanda siku za Idi na Krismasi, kumbuka jambo moja. Anapoinuka, miguu ya nyuma hunyooka kwanza, na mpandaji hutupwa mbele. Anapolala, miguu ya mbele hukunjwa kwanza, na mpandaji hutupwa mbele tena. Mara zote mbili egemea nyuma na ushike tandiko kwa mikono miwili. Na nakuomba sana, mzazi mwenzangu, usimfunge mtoto kwenye tandiko kwa leso. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na aliyefunga alifunga kwa mapenzi. Mtoto aliyefungwa hawezi kuachana na mnyama. Mshike kwa mikono yako, mkae pamoja ikiwa ngamia anaweza uzito huo, au mngoje akue.

Usalama wa mpandaji hautengani na afya ya anayepandwa. Mnyama mgonjwa hujikwaa, mwenye kidonda chini ya tandiko huruka, mwenye kiu huchoka katikati ya safari. Kwa hiyo kabla hujalipa, tazama. Mbavu zinahesabika? Anachechemea? Kuna kidonda mgongoni au pembeni mwa mdomo? Ukiona lolote kati ya hayo, usipande, na umwambie mwenyewe kwa adabu ni kwa nini. Wanaowajua farasi hushauri mzigo wote, mtu pamoja na tandiko, usipite sehemu moja kwa tano ya uzito wa farasi, maana yake farasi wa kilo 400 abebe kilo 80. Kule Blackpool, Uingereza, ambako punda hupandwa na watoto ufukweni, mtu wa zaidi ya kilo 50 hivi haruhusiwi, na Ijumaa punda hupumzika. Sasa piga hesabu ya mitungi yangu minne ya lita 20. Ikijaa ni kilo 80 za maji, na wakati mwingine mimi mwenyewe nilikuwa juu yake. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkosaji yeyote anayempanda au kumbebesha mnyama kupita kiasi. Sikuijua sheria hiyo nikiwa mtoto. Leo wewe umeisikia.

Na kama mtu ameanguka? Mwache alale alivyo. Usimvute mkono, usimvue helmeti, usimkalishe ili umpe maji. Kama anaumwa na shingo au mgongo, au hahisi miguu, asiguswe mpaka apatikane mtu anayejua, na akibebwa abebwe kwenye ubao ulionyooka, kichwa kimeshikwa kisigeuke. Kumpakia mshikaki kwenye bodaboda, mtu mbele na mtu nyuma, kunaweza kumaliza uti wa mgongo uliokuwa umepona kwenye kuanguka. Aliyegonga kichwa apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwani damu ndani ya fuvu haina haraka ya kujionyesha.

Hata jeraha dogo lisidharauliwe. Wazee wetu waliuita ugonjwa ule wa kukakamaa mwili pepopunda, na jina hilo linapaswa kutuzindua, kwa sababu vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya farasi na punda. Osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha nenda zahanati uulizie chanjo. Wanaofanya kazi na wanyama hawa kila siku wasingoje kuumia.

Wenye farasi na ngamia wa pwani, mnafanya kazi yenye heshima, na vijana wa Kwale wanapata riziki kwenu. Wekeni helmeti za saizi zote, za watoto na za wakubwa, na asiyetaka kuvaa asipande, hata akilipa mara mbili. Wafunzeni masaisi wenu huduma ya kwanza. Wapeni wanyama maji, kivuli na siku ya kupumzika.

Na wewe mzazi wa Mackinnon Road, wa Taru, wa Kinango, ambaye hujawahi kumwona farasi ila kwenye televisheni, usidhani mazungumzo haya yalikuwa ya watalii. Jioni hii mtoto wako atarudi na punda kutoka kisimani. Toka umlaki, na kabla ya kuipokea mitungi utazame mkono wake. Ukiikuta kamba imezungushwa kifundoni, ifungue mbele yake, mwonyeshe namna ya kuikunja na kuishika, na umweleze kwa nini.